Nadharia ya Mtikisiko wa Boya: Kilosa na Mikumi Wakati wa Kipupwe

Wataalamu wa uvuvi wameandika mengi kuhusu nyavu, injini za boti na maziwa makubwa. Kuhusu mtu mmoja aliyekaa juu ya jiwe ukingoni mwa mto Mkondoa mwezi Julai, amevaa sweta, ameshika mwanzi na kukodolea macho kipande cha kandambili kinachoelea, wamenyamaza. Makala haya yanaziba pengo hilo. Swali la utafiti ni moja tu: boya likitikisika, limetikiswa na nani?

Tuanze na maji yenyewe. Mkondoa unateremka kutoka milimani, unapita Kilosa mjini, na mwishowe maji yake huingia Wami na kufika Bahari ya Hindi. Masika mto huwa tope tupu. Samaki haoni mbele, basi humeza lolote linalonukia. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, maji hupungua na kutakata hadi unaona kokoto za chini, na samaki naye anauona mshipi wako. Tena baridi imeshuka. Mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo: maji yakipoa, tumbo linasaga polepole na njaa inakawia. Perege akiwa kwenye maji ya chini ya nyuzi 20 hamu yake hupungua sana, na zikikaribia 16 huacha kula kabisa.

Na hicho kidogo anachokula huwa kidogo kwelikweli. Chini kwenye tope vimejaa viluwiluwi vya visubi wasiouma, vyembamba kuliko punje ya mchele, vingine vyekundu kwa sababu vina himoglobini inayovisaidia kuishi mahali penye hewa haba. Ni ndugu wa mbali wa wale wadudu wanaopaa kwa mawingu juu ya Ziwa Nyasa, ambao wenyeji huwakusanya na kuwafanya mikate. Samaki wa kipupwe hushinda akiokota vitu hivyo kimoja kimoja. Ukimtupia nyungunyungu mzima, mnene, aliyekunjwa mara tatu kwenye ndoano ya kitoweo cha familia, umemwekea ng'ombe mzima wa kuchoma mtu aliyeshinda akitafuna karanga. Atasogea, atanusa, atagusa kidogo kwa adabu, ataondoka. Mguso huo wa adabu ndio somo letu.

Wavuvi wa samaki aina ya trauti huko Ulaya (Ulaya ya ng'ambo, si hii yetu iliyo wilayani Kilosa) walilitambua jambo hili zamani. Majira ya baridi huzungushia nyuzi chache ndoano namba 22 au 24 ili ifanane na kiluwiluwi, na kwa wasiojua, namba ikipanda ndoano inapungua. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905 na kuachiwa katika mto Gura, kwenye baridi ya Aberdare. Mkondoa hawakufika, na wangefika joto la Kilosa lingewamaliza kabla hawajaonja nyungunyungu wetu. Hata hivyo kanuni ni ileile, nasi tunaiazima bila kulipa.

Kabla ya kuainisha, msomaji ajue kwamba wachunguzi wamegawanyika katika madhehebu mawili. Madhehebu ya boya huamini macho. Madhehebu ya kidole, ambayo wafuasi wake wengi ni wazee, hayatumii boya: mshipi hupitishwa juu ya kidole cha shahada, na ujumbe wa samaki husomwa kwenye ngozi. Wa kidole husema boya ni mwongo kwa kuwa upepo ukivuma linacheza. Wa boya hujibu kwamba mzee yule amekaa tangu alfajiri akisikiliza mapigo ya moyo wake mwenyewe. Mjadala ni mkali, lakini una likizo: asubuhi ya Julai kidole hufa ganzi, na kwa saa mbili za kwanza madhehebu yote mawili huwa na kiwango kimoja cha maarifa.

Mtikisiko wa daraja la kwanza husababishwa na mto. Jani, kijiti, mkondo unaozunguka jiwe, upepo wa kutoka milimani. Kwa hesabu hili ndilo daraja kubwa kuliko mengine yote yakijumlishwa. Wachunguzi waaminifu hulikiri. Waliobaki huliita kambale.

La pili ni la samaki wadogo wa urefu wa kidole. Boya hutetema haraka haraka bila kuzama, mvuvi anachomoa, ndoano inatoka inang'aa, safi, haina hata alama ya chambo. Anaweka kingine. Linatetema. Anachomoa. Kwa njia hii mtu mmoja anaweza kulisha ukoo mzima wa samaki hadi adhuhuri na akarudi nyumbani akiwa ametoa zaidi ya alichopokea. Ilonga, hapo jirani, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kilichoshughulikia pamba na mahindi kwa miaka mingi. Suala la nyungunyungu anayeliwa bila ndoano kumezwa bado halijapewa idara.

Daraja la tatu ni kaa. Huvuta polepole, sawasawa, bila hisia. Tuendelee.

La nne, perege, ndilo linalostahili viti vya chuo kikuu. Perege hang'ang'anii. Ana mdomo mdogo. Huvuta chambo ndani, hukitema, hukivuta tena kana kwamba anapima kilo. Dalili yake ni miguso miwili, kisha boya, badala ya kuzama, linalala ubavu, kwa sababu ameinua chambo na uzito umeondoka kwenye mshipi. Asiyejua husubiri lizame. Halizami. Wakati anasubiri, ndoano imekwisha kutemwa.

Ndani ya daraja hili kuna tabaka dogo lenye utata: mama perege. Jike hubeba mayai na baadaye vifaranga mdomoni, na kwa kipindi hicho hali. Akiigusa ndoano huenda anaifukuza tu mbele ya watoto. Jambo hili ni la kweli kabisa kibiolojia, ndiyo maana limekuwa udhuru unaopendwa kuliko wote ukingoni: "Leo wana watoto mdomoni." Tatizo ni kwamba maji yakipoa perege hupunguza kuzaa, kwa hiyo kipupwe ndipo udhuru huu unapotumika zaidi na ndipo unapokuwa na ushahidi mdogo zaidi.

Kambale, daraja la tano, hadonoi. Huchunguza kwa sharubu zake nane, huamua, kisha huondoka na mali. Boya linakwenda upande na kutoweka, na hakuna mtaalamu anayehitajika kulitafsiri. Ila yeye hupenda giza, hivyo daraja hili hujitokeza jioni, dakika chache baada ya msomi kukunja mshipi.

La sita ni jirani. Mishipi miwili imekutana chini ya maji, na huu ndio mtikisiko pekee ambao pande zote mbili huvuta kwa nguvu na furaha sawa, hadi boya moja linapoonekana likimsogelea mwenzake.

Daraja la saba ni lile lililokata uzi. Halijawahi kuonekana, na kipimo chake kinachojulikana ni mikono miwili iliyotanuliwa, ambayo hutanuka kadiri siku zinavyopita. Mkondoa hapa huzalisha hadithi za wastani. Ukienda kusini, Ruaha Mkuu karibu na Kidatu, washukiwa huongezeka: mkunga aliyepanda mto kutoka baharini, kitoga, mamba. Mtafiti wa Ruaha anashauriwa uzi ukikatika aukubali.

Sasa tazama jinsi matokeo yanavyowasilishwa kwa umma. Kijana anapita na baiskeli: "Shikamoo mzee. Wanakula?" "Marahaba. Wanadonoa tu, mwanangu." Jibu hili ni kazi kubwa ya kitaaluma. Linakusanya daraja la kwanza hadi la nne bila kutaja hata moja, halisemi uongo, halikiri kushindwa, na linaweza kurudiwa kila baada ya nusu saa kuanzia asubuhi hadi magharibi pasipo kurekebishwa.

Imebaki sababu. Kwa nini wanadonoa tu? Wapo wanaolaumu mpita njia aliyeuliza mapema mno. Nadharia yenye nguvu zaidi Kilosa ni ya treni: Reli ya Kati inafuata bonde la Mkondoa, na mtetemo unawashtua samaki. Ingewezekana kuipima wakati mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipoikata reli kati ya Kilosa na Gulwe na treni zikasimama. Lakini mto huohuo ulikuwa umewaondoa maelfu ya watu majumbani, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama boya. Tangu 2024 ipo pia treni ya umeme inayopita kwenye mahandaki ya Kilosa. Nadharia ya treni imepokea lawama mpya kwa mikono miwili.

Mikumi ndiyo inayolimaliza shauri. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina bwawa la viboko, na kambale wa humo hawajawahi kusumbuliwa na kandambili ya mtu. Hakuna mshipi, hakuna jirani, hakuna mzee wa kuulizwa kitu. Mgeni akitulia pale akatazama, atamwona kambale akija juu kuvuta hewa na kurudi chini taratibu, asiye na haraka na chochote. Korongo wanaosimama ukingoni huvua kwa subira ileile ya watu wa Mkondoa, nao hukosa mara nyingi, ingawa hawajulikani kulaumu treni. Basi nuksi haipo. Ni baridi, maji meupe, na tumbo lililojaa viluwiluwi.

Kwa hiyo hukumu ni hii: Julai nunua ndoano ndogo kuliko unavyoona haya kuinunua, tumia mshipi mwembamba, kata nyungunyungu vipande, na boya likilala ubavu usisubiri lizame. Utapata perege wa kiganja, na atakuwa wa kweli. Haya yote yanahusu Mkondoa na mito mingine iliyo nje ya hifadhi. Kule bwawani Mikumi kuvua ni marufuku, hata kwa ndoano namba 24.