Majini ya Angani Hayana Viza

Mguse mwandishi yeyote wa kujitegemea pale Sydney, atakupa habari za Matthew Reilly. Mwaka 1996, wachapishaji wakubwa walipoikataa riwaya yake Contest, kijana alijilipia nakala 1,000, akazipeleka madukani. Mhariri wa Pan Macmillan akaikuta moja kwenye rafu. Leo vitabu vyake vimeuzwa kwa mamilioni. Ndani ya Contest, viumbe wa sayari nyingine wanauana ndani ya maktaba kuu ya New York. Maktaba ya jimbo ipo palepale Sydney, Macquarie Street, lakini yaelekea majini ya angani hayana viza ya Australia.

Basi wenzetu hao wameishika dini hiyo ya kujichapishia. Mchana ofisini kwa watu, usiku zimwi jipya. Sura ya tatu haijaisha, jalada liko tayari: joka, upanga, mwezi mwekundu, na jina la mwandishi kubwa kuliko joka lenyewe. Ramani ya ufalme ina mito saba na milima yenye theluji. Shujaa bado hana jina. Ukiuliza kitabu kitatoka lini, unaambiwa sasa vitakuwa tisa.

Wanachosahau kusimulia ni kwamba Reilly alikimaliza chake.