Kozi ya Kiporo

Siku hizi wapo walimu wa maendeleo binafsi wanaotoza ada kufundisha upangaji wa mlo usiobana: pika mara moja, kula kwa namna nyingi, muda ubaki wa kujijenga. Hongera zao. Mama wa Tandika huloweka maharage usiku, yaive upesi na mkaa usiishe. Mchana yanaliwa na wali, jioni yanaungwa nazi kwa chapati, yakilala ni kiporo cha kunywea chai. Cheti hana, maskini. Mhitimu wa kozi, naye, ana jedwali la rangi rangi ukutani. Muda uliookolewa anautumia kutazama video za kuokoa muda, huku mkewe akimenya vitunguu vya Jumatatu hadi Ijumaa.