Njiti Mbili za Kiberiti

Huku kwetu, kati ya Kisii na Keroka, mambo ya plagi tuliyavuka zamani. Karakana ya kuchomelea mageti huanza na nyaya mbili zilizo uchi, soketi moja, na njiti mbili za kiberiti za kuzikaza zisichomoke. Tundu la tatu, lile la juu, hufunguliwa kwa kalamu. Wenye elimu hutumia ya plastiki.

Kwangu nyumbani nilimuuliza fundi wangu wa stima waya wa ethi uko wapi. Akacheka. "Mzee, kwa mvua hii ya Gusii, ardhi yote imelowa. Ethi ya nini tena?" Fyuzi iliyokuwa ikiungua kila wiki alishaitibu kwa kipande cha waya mnene, sasa haikatiki, hata nyumba ikiwaka. Sheria inataka fundi wa stima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Wangu ana bisibisi, nayo ya kuazima.

Juzi bomba la shawa liliniamkia kwa sehemu ya zile volti 240 ninazonunulia tokeni. Nikampigia nikitetemeka. Akatulia kidogo, kama daktari, kisha akauliza:

"Ulikuwa umevaa slipa?"