Mzee Seva Hataki Kuzimwa

Katika chumba baridi cha seva jijini Frankfurt kuna mashine ya kukodi inayouza tiketi za mabasi ya Tanzania. Mwenye nayo yuko Dar es Salaam na hajawahi kuiona kwa macho. Miaka mitatu haijazimwa, na imeota majivuno ya mwenyekiti wa maisha. Kerneli yake, yaani ile programu ya kiini inayosimamia kumbukumbu, diski na kila kazi nyingine, ni ileile ya siku ya kwanza. Anayezungumza nayo ni GRUB, bawabu wa mashine. Kazi yake huchukua sekunde chache tu kila inapowashwa: kuchagua kerneli na kuipakia. Kwa hiyo naye ana miaka mitatu hana kazi, jambo ambalo msomaji alikumbuke anapopima maneno yake.

BAWABU: Shikamoo, Mzee. Kerneli mpya imeshafika diskini. Imebaki uwashwe upya.

SEVA: Marahaba, kijana. Kinachofanya kazi hakiguswi, na ushahidi ninao. Januari 2018, dunia ilipotaharuki kwa ufa wa usalama uitwao Meltdown, Ubuntu walitoa kerneli 4.4.0-108 kuuziba. Baadhi ya mashine zikagoma kuwaka, ikabidi watoe 4.4.0-109 haraka. Julai 2020 Red Hat nao walitoa viraka vya ufa wa BootHole, na seva kadhaa hazikuamka. Ufa wa safari hiyo ulikuwa ndani yako wewe, GRUB. Walioumia ni wale waliokimbilia sasisho.

BAWABU: La 2020 linaniuma, silikani. Lakini visa vyote viwili vinasema jambo moja: hakuna ajuaye kama mashine itawaka mpaka iwashwe. Hilo linakuhusu wewe kuliko yeyote. Kwa miaka mitatu mafundi wamebadili mipangilio ya mtandao, wameongeza diski, wamehariri fstab, ile orodha ya diski za kufunguliwa wakati wa kuwaka, na hakuna hata badiliko moja lililopimwa kwa kukuwasha. Siku umeme ukikatika chumbani humu, yote yatapimwa kwa mkupuo, usiku, mwenye mali akiwa amelala. Anayewashwa upya kila mwezi akigoma, fundi anajua atafute kosa katika kazi ya mwezi mmoja. Ukigoma wewe, atafute wapi?

SEVA: Umri umeniokoa mara nyingi. Dirty Pipe ya 2022, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika juu ya faili analoruhusiwa kulisoma tu, ilianzia kerneli 5.8. Mimi ni 4.19. Ilinipita.

BAWABU: Hiyo ni bahati, Mzee. Dirty COW iligunduliwa mwaka 2016 ikiwa imejificha ndani ya kerneli tangu 2007. Nyufa za aina hiyo zikishatangazwa, njia ya kuzitumia huenea hadharani, na asiyeweka kiraka anabaki peke yake.

SEVA: Zote hizo zinamhitaji mtu aliyekwisha kuingia. Kwangu haingii mtu bila ufunguo.

BAWABU: Tovuti yako ya tiketi inaendeshwa na mtumiaji asiye na mamlaka. Tovuti ikitobolewa, mwizi anakuwa mtumiaji huyo; kerneli ikiwa na ufa, dakika inayofuata ni root, mwenye mamlaka yote.

SEVA: Basi nibandikwe viraka nikiwa macho. Msingi wa kazi hiyo umo ndani ya Linux tangu toleo 4.0 la 2015.

BAWABU: Unafaa, na ningekuwa nao ningeutumia ili kununua muda. Ila unarekebisha kilichomo kwenye kumbukumbu tu. Marekebisho madogo ya msimbo yanaingia vizuri; yanayogeuza muundo wa data ni shughuli nyingine. Na ile kerneli ya diskini, itakayokuamsha umeme ukirudi, bado hakuna aliyeijaribu.

SEVA: Na nikigoma, nani aninyanyue? Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Hebu fikiri fundi wa Dar angekuwa katikati ya kunisasisha siku ile.

BAWABU: Hapo umegusa penyewe, na jibu ni kwamba usalama wako usitegemee mkono wa mtu wa mbali. Kazi ya kusasisha iendeshwe ndani ya tmux, ili mawasiliano yakikatika iendelee yenyewe. Nafasi ya /boot ipimwe kwanza, maana ikijaa katikati ya kazi utaachiwa nusu ya initramfs, faili linaloisaidia kerneli kuanza. Kerneli ya zamani ibaki chaguo langu la kawaida. Kwa grub-reboot niambiwe niijaribu mpya mara moja tu. Pawekwe panic=10, ili mpya ikianguka mashine ijiwashe baada ya sekunde kumi, nami nirudishe ya zamani. Ikiwaka lakini mtandao ukafa, kuwe na kipima muda: asipoingia mtu ndani ya dakika 15, ijiwashe tena. Ni pale tu fundi atakapoingia na kuona uname -r inataja toleo jipya ndipo nibadilishiwe chaguo.

SEVA: Na wewe hukosei?

BAWABU: Nina udhaifu mmoja, na wengi huujua wakiwa wamechelewa. /boot ikiwa juu ya RAID au LVM, mifumo ya kuunganisha diski, siwezi kuandika, hivyo siwezi kufuta lile agizo la mara moja. Nitaipakia kerneli mbovu tena na tena bila kuchoka. Ndiyo maana konsoli ya mbali ijaribiwe kabla ya kuwashwa upya. Wengi huingia kwa funguo za SSH miaka yote, kisha konsoli inawaomba nenosiri la root na hakuna anayelikumbuka.

SEVA: Umenishinda. Leo saa tisa usiku, mabasi yakiwa yamelala. Nenosiri lenyewe lisikutie wasiwasi, mwenye mali ameliandika mahali salama.

BAWABU: Wapi?

SEVA: Kwenye faili.

BAWABU: Faili lililoko wapi, Mzee?

SEVA: Humu ndani yangu.

BAWABU: Basi tuahirishe mpaka kesho. Na mwenye mali aliandike kwenye karatasi.