Saa Kumi ya Nakonde

Rafiki yangu wa sekondari tulimwita Kimondo. Jina alilipata siku darasa letu lilipopelekwa Ndolezi, kule Mbozi, kutazama lile pande la chuma la tani 16 lililodondoka kutoka angani. Sisi tulilizunguka kwa adabu. Yeye aliinama kuchungulia chini yake, akainuka kwa pupa, akajigonga kichwa ngo! Mwalimu alikagua kwanza kama kimondo kimepata ufa.

Miaka imepita. Sasa Kimondo ni seremala wa Nakonde, upande wa Zambia, kaoa huko na kunenepa huko. Kila Jumamosi huenda kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto yatima kurekebisha vitanda ambavyo watoto wamevivunja tangu Jumapili. Mwezi uliopita akanipigia simu: "Wewe mtu wa Dar, njoo uwasalimie wanangu. Jumamosi saa kumi, usichelewe, wamejifunza wimbo."

Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Nilifika Ijumaa usiku magoti yakiwa yamesahau kunyooka, nikalala gesti, na Jumamosi nikaamka nikiwa na siku nzima ya kuchezea. Basi nikaichezea. Nilitembea kandokando ya foleni ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo, madereva wakichemsha chai chini ya matela kama watu waliokwisha kuhamia pale. Nikawaona akina mama na magunia ya viazi vya okidi, ambavyo Wazambia huvitwanga na karanga wakapika chikanda. Nikanunua mchele wa Kyela kilo 25 na sabuni za miche. Kisha nikaona si vizuri kuingia nchi ya watu na shilingi, nikamwita kijana mmoja mwenye bunda la noti kama karata, anibadilishie. Akanihesabia kwacha haraka mno, juu noti ndogo, chini noti za elfu hamsini hamsini. Elfu hamsini! Niliziweka mfuko wa ndani wa koti na mwendo wangu ukabadilika. Nilianza kutembea kama mfadhili.

Saa nane mchana nikavuka. Hapo ndipo nilipojiona mjanja kupita kiasi, maana nilikuwa nimesoma kwamba Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwenye kituo cha pamoja cha forodha, kile kilichofunguliwa mwaka 2019, unaingia mlangoni na saa yako ya Tanzania na kutokea upande wa pili ukiwa kijana zaidi kwa dakika 60. Simu yangu yenyewe ilichanganyikiwa: ikinasa mnara wa kwetu inasema saa tisa, nikigeuka tu inasema saa nane. Nikamwambia mbeba mchele wangu, "Twende taratibu, tumewahi."

Tulifika getini saa kumi kamili kwa saa ya Tunduma, saa tisa kwa saa ya Nakonde. Nimewahi saa nzima, mimi, Mtanzania! Nikategemea kupigiwa vigelegele.

Uwanja ulikuwa kimya. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mistari mitatu na juu yake hapakuwa na mtu, ila binti mmoja mdogo aliyelala kwenye kiti cha mgeni rasmi, utepe wa karatasi shingoni. Kimondo akatoka nyuma ya jengo na nyundo mkononi. Hatukuwa tumeonana miaka kumi na saba. Hakunikumbatia.

"Ulikuwa wapi?"

"Si ulisema saa kumi?"

"Ndiyo! Saa kumi! Teni awazi!"

Kumbe miaka ile yote ng'ambo ilikuwa imemgeuza saa kichwani. Anaongea Kiswahili, anahesabu Kizambia. Tulichuchumaa tukapiga hesabu kwa kijiti mavumbini. Saa kumi yake ni saa nne asubuhi ya pale, ambayo ni saa tano asubuhi ya kwetu. Nilikuwa nimechelewa saa tano. Wimbo ulikuwa umeshaimbwa, mara mbili, mara ya pili akaimbiwa muuza mkaa aliyepita, na akapiga makofi vizuri sana.

"Mwaiseni, bashikulu," mama mlezi akanikaribisha. Nikauliza bashikulu ni nini. Babu, nikaambiwa. Nina miaka 41.

Watoto wakaja mmoja mmoja kumtazama mtu aliyechelewa hivyo. Mvulana wa kama miaka minane alinikagua kutoka viatu hadi kichwa. "Ndiye wewe mgeni? Paja lako la kuku nimelila mimi." Hakuomba radhi. Alikuwa anatoa taarifa.

Nikaona heshima niiokoe kwa hotuba. Nilisimama mbele ya viti vitupu, nikasema maneno mazito kuhusu ujirani, nikachomoa noti zangu za elfu hamsini na kumkabidhi mama mlezi kwa mikono miwili. Akazipokea. Akazitazama. Akamtazama Kimondo. Mla paja akachungulia, akatimua mbio ndani, akarudi na kopo la maziwa. Lilijaa noti zilezile, na tai wake yuleyule.

Zambia ilikata sifuri tatu kwenye pesa zake tarehe 1 Januari 2013. Nilizobeba mimi zilikuwa za kabla ya hapo. Watoto hawa wanazitumia kuchezea duka.

Kimondo alikaa chini akicheka hadi nyundo ikamtoka. Mama mlezi, Mungu ambariki, aliniambia kwa upole kwamba hata shilingi zinapokelewa Nakonde, watu wanazitumia kila siku. Nikampa shilingi. Mchele nao ukapokelewa, ingawa mla paja aliuliza kama baada ya wali kutakuwa na chakula.

Kisha wakafungua duka. Sijawahi kuwa mteja tajiri hivyo: nilinunua nyanya tatu za udongo, gari la waya na kitanda kibovu. Wakanirudishia chenji, nikaitia mfukoni bila kuhesabu. Yule binti aliamka, akaimba ubeti mmoja peke yake, akarudi kulala.

Jioni Kimondo alinisindikiza hadi mpakani, na hapo ndipo aliponikumbatia. Upande wa Tunduma nikapanda bajaji hadi gesti, nikaingiza mkono mfukoni gizani na kumlipa dereva. Akawasha taa ya simu. Kiganjani mwake kulikuwa na vizibo vinne vya soda.

"Mzee," akasema, akinirudishia, "hizi za ng'ambo huku hatupokei."