Njia Saba za Miguu Kati ya Naivasha na Nyahururu: Tunahesabu Tukirudi Nyuma

Kwanza tuelewane: Longonot haimo humu. Mlima wa mita 2,776, wenye mteremko wa vumbi unaomketisha mtu chini bila kumkaribisha, una wapenzi wake, na Mungu awape nguvu. Orodha hii ni ya shangazi ambaye magoti yake yameanza kulalamika, ya mtoto wa darasa la pili, na yako wewe ambaye mazoezi ya mwaka huu yamekuwa kukimbilia matatu.

Eneo lenyewe ni hili: upande wa mashariki kuna milima ya Nyandarua, kunakonyesha mvua, chini kuna Bonde la Ufa, linalongoja. Mito ya Malewa na Gilgil huteremka hadi Ziwa Naivasha. Kariandusi na Mbaruk huishia Ziwa Elementaita. Ewaso Narok ndiye mtoto mkaidi: ameligeuzia bonde kisogo, akashika njia ya kaskazini. Ukiwa ndani ya gari utayapita haya yote usingizini, uzindukie stendi ya Nyahururu ukiuliza kama Naivasha imeshapita. Kwa miguu huwezi kuyakosa. Kwa hiyo nimepanga kwa vipimo viwili tu: njia isikuchoshe, na maji uyaone yakifanya kazi.

7. Kariandusi: matembezi ya mtu mwenye haraka

Hapa hutatokwa na jasho. Ni kituo cha Makumbusho ya Taifa kando ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, ukishapita Gilgil, na njia yake inakwisha kabla mtoto hajauliza "tumefika?" Lakini unakanyaga sakafu ya ziwa lililokauka zamani. Louis Leakey alichimba hapa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, akakuta mashoka ya mkononi ya mawe, mengine ya kioo cheusi cha volkano. Mengi yameachwa papo hapo yalipofukuliwa, kwa hiyo unasimama ukingoni mwa shimo na kuyaona yamelala kama fundi ametoka kwenda kunywa chai. Karibu na hapo kuna udongo mweupe, laini kuliko unga, ambao ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini. Ukiushika, vidole vinabaki vyeupe. Kariandusi nimeipa nafasi ya saba kwa sababu ya ufupi tu. Kwa umri inatushinda sote.

6. Ufuo wa Elementaita

Njia ni tambarare, jua ni kali, na kofia si pambo. Karibu na maji utakanyaga ukoko mweupe wa magadi. Unavunjika chini ya kiatu, na chini yake kuna tope jeusi linalonuka yai viza. Usivae viatu vya harusi. Mwaka 2011 UNESCO iliingiza ziwa hili katika Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Bogoria, na mwari weupe wana sehemu kubwa katika sifa hiyo, kwani huzaliana kwenye visiwa vyake vya mawe. Jambo la kupendeza ni kwamba maji haya ya magadi hayana samaki wa kuwatosha, kwa hiyo wazazi huruka hadi maziwa ya jirani kuvua na kurudi na chakula cha watoto. Kama kuna mzazi aliyewahi kulalamikia kusafiri kwenda kazini, amtazame mwari.

Ng'ambo ya ziwa kuna kilima chenye umbo la mtu aliyelala chali, pua juu. Wenyeji wanamwita morani aliyelala. Muache alale, ila ukiwa na asubuhi nzima na mtu wa kukuongoza, mgongo wake nao unapandika.

5. Maporomoko ya Thomson, Nyahururu

Wenyeji wa mji huu wanauita T-Falls, na ukisema jina refu watajua umekuja na basi la saa nne. Joseph Thomson, Mskoti, alipita hapa mwaka 1883 na kuyapa maporomoko jina la baba yake, ingawa yalikuwa yamekuwako miaka yote hiyo bila kumsubiri yeye wala baba. Ewaso Narok hujitupa hapa mita 74 kwa mruko mmoja.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ngazi za kushuka hadi chini, ambako manyunyu yanakulowesha uso na mazungumzo hayasikiki. Kushuka ni bure. Kupanda ndiko kunakolipiwa, tena kwa pumzi. Mawe yana ukungu wa kijani, shika reli. Ya pili ndiyo ninayompendekezea shangazi: ufuate mto kuelekea unakotoka, polepole, hadi kwenye bwawa la viboko. Zungumza na viboko hao kwa mbali. Hawajapata kuwa marafiki wa mtu.

4. Ol Bolossat

Ukiendelea kuufuata mto huohuo kinyume na mkondo, unafika mahali ambapo watu wengi wa Nairobi hawajawahi kupasikia. Ol Bolossat, karibu na Ol Kalou, ndilo ziwa la pekee la asili katika eneo la Kati la Kenya. Hakuna hoteli iliyojipanga ufuoni wala mtu wa kukuuzia shanga. Kuna nyasi, ng'ombe, kondoo, maji yanayojificha kwenye matete, na korongo-taji.

Hao ndio wamenifanya niliweke juu ya maporomoko, na nitapigiwa makelele Nyahururu kwa uamuzi huo. Korongo-taji wako katika hatari ya kutoweka duniani, na hapa utawaona wakicheza: mmoja anainama, anaruka, anafungua mabawa, mwenzake anajibu, na taji la dhahabu kichwani halitikisiki. Kwaya ya kanisa ingejifunza nidhamu. Tembea na kijana wa hapo anayejua njia za viboko, mlipe vizuri, na usiwasogelee ndege kwa ajili ya picha. Ziwa hili linabanwa na mashamba kutoka kila upande. Mgeni anayelipa kutazama korongo anampa mkulima sababu moja zaidi ya kuacha matete yasimame.

3. Ziwa la kasoko, magharibi ya Naivasha

Volkano ilikufa, ikaacha bakuli, bakuli likajaa maji ya kijani. Rangi hiyo ni ya viumbe hai vidogo majini, kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba kuna mtu aliyemwaga rangi, atakuamini. Njia ya ukingoni inapita kwenye mileleshwa, na ukisugua jani kati ya vidole harufu itakaa nawe hadi chakula cha jioni. Mbega wako juu ya miti, weusi kwa weupe, wamevaa rasmi saa zote. Kushuka hadi majini ni mteremko mkali lakini mfupi. Washike watoto mkono ukingoni. Hapo hakuna utani.

2. Kisiwa cha Crescent

Najua, wengine mlitaka hiki kiwe cha kwanza. Hoja zenu ni nzito. Hakuna simba, hakuna chui, hakuna gari. Unatembea kwa mguu katikati ya twiga, nyumbu, pundamilia na kuro, kwenye majani mafupi yasiyo na kilima cha maana. Twiga anakutazama akitafuna, wewe unamtazama, na kati yenu hakuna kioo. Mwaka 1985 dunia iliona filamu ya *Out of Africa*, ambayo baadhi ya picha zake zilipigwa hapa. Wageni bado wanaitafuta ile filamu huku twiga halisi wakipita nyuma yao.

Kisiwa chenyewe ni ukingo wa kasoko iliyozama, ndiyo maana kimepinda kama mwezi mchanga. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka, na bado maji yake ni baridi, si ya magadi kama ya majirani zake. Siri ni kwamba linavuja: maji hupenya chini kwa chini na kuondoka na chumvi yake. Tangu 2020 lilipofura, migunga mingi ya ufuoni imekufa ikiwa imesimama majini, myeupe, na minandi wamekaa matawini wakianika mabawa. Wavuvi na watu wa mtaa wa Kihoto wanajua vizuri zaidi yangu maana ya ziwa kupanda. Wameona maji yakiingia sebuleni.

Vaa jaketi la kuokolea ndani ya boti, hata kama nahodha hajavaa. Nacho si kisiwa cha bei ya mboga, kwani kiko mikononi mwa watu binafsi. Hilo ndilo lililokipeleka nafasi ya pili.

1. Hell's Gate, kuanzia lango la Elsa

Hapa ndipo penyewe. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1984, kilomita za mraba 68 na kidogo, na ni miongoni mwa chache nchini Kenya ambako mtu anaruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli bila gari. Barabara ya udongo inapita katikati ya kuta nyekundu za mawe, tambarare, kilomita saba au nane hivi hadi korongo la Ol Njorowa. Anayechoka anageuka popote, hakuna atakayemuuliza.

Karibu na lango utakuta mnara wa Fischer, nguzo ya mawe ya volkano ya mita 25. Umepewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huku mwaka 1883 na kuzuiwa na Wamaasai. Wamaasai wenyewe wana habari nzuri zaidi: ni bibi harusi aliyeambiwa asigeuke kutazama kwao, akageuka, akawa jiwe. Miguuni pake wanaishi pimbi, wanene, wanaoota jua na kukodolea macho mkoba wako wa mandazi. Usiwape. Watoto wakishajua pimbi ni jamaa wa tembo, hawatanyamaza mpaka jioni, na huo ndio mwisho wa utulivu wako.

Endelea. Ngiri wanakata barabara mikia juu, kongoni na pofu wanakula pembeni, tai wanazunguka juu ya kuta. Nyati wapo pia. Hao wapishe, hata kama umelipa kiingilio na wao hawajalipa. Mbele mvuke mweupe unapanda kutoka Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981: maji ya chini ya ardhi yamekutana na mawe ya moto. Na korongo lenyewe ni kazi ya maji. Zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa mno, likafurika kusini na kuchonga hizi kuta, laini kwa kugusa, zenye mistari kama ya mbao. Ziwa lisilo na mlango leo liliwahi kuwa na mlango huu.

Maji yanaukumbuka. Aprili 2012 na Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwasomba watembeaji ndani ya Ol Njorowa, wakafa. Mvua inaweza kunyesha mbali, huko juu, wakati wewe unapaka mafuta ya jua. Kwa hiyo tembea uwanda wote kwa raha, fika kwenye mdomo wa korongo, kula ulichobeba. Kabla ya kufikiria kuingia, muulize askari wa hifadhi. Akisema limefungwa, au ukiona wingu upande wa milima, usiingie, na usimbembeleze kiongozi wa njia akupitishe kwa noti ya pembeni.