Muulize Shangazi Lenzi

*Shangazi, shikamoo. Napiga picha za harusi hapa Temeke. Juzi bibi harusi kaingia ukumbini akicheza, nikamlenga tangu kwenye meza ya keki, nikamfuata hadi jukwaani. Kufungua kompyuta: uso wake ukungu mtupu, ila keki nyuma yake unahesabu hadi maua. Mama mzazi anadai hela yake. – Nimekwama*

Marahaba, mwanangu. Ulimfuata wewe, kamera ilibaki na keki. Umeiweka AF-S, nayo ukibonyeza kitufe nusu inapima umbali mara moja, inaufunga, imemaliza kazi. Hiyo ni ya waliotulia: pete, wazee waliokaa, keki yenyewe. Kwa anayetembea weka AF-C, wenye Canon mtaikuta kwa jina la AI Servo au Servo. Bonyeza nusu, usiachie, itaendelea kupima mpaka unapopiga. Wala usiiachie ukumbi mzima ijichagulie, maana haijui nani kaolewa. Weka nukta moja ya fokasi usoni, au kama kamera ni ya kisasa, washa ile ya kutambua macho. Na zile herufi AF-S kwenye lenzi za Nikon zisikuchanganye. Hizo ni habari za mota.

Hela ya mama, rudisha nusu.

*Shangazi, MC kazima taa, bwana harusi kavaa suti nyeusi. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikalia ziii, kitufe kikagoma kabisa. Nimeuziwa feki? – Mnyonge wa Mbagala*

Lenzi yako nzima. Fokasi hutafuta mahali mwanga na giza vinapoachana, na katikati ya suti nyeusi gizani hapana kitu cha kushika. Kitufe nacho kinagoma kwa sababu kwenye AF-S kamera nyingi hazipigi mpaka zipate fokasi. Peleka nukta pale kola nyeupe inapokutana na koti. Ikishindikana, weka MF uzungushe ringi kwa mkono. Kabla ya Minolta 7000, kamera ya kujifokasi yenyewe, kutoka mwaka 1985, mafundi wengi walizungusha hivyo hivyo, na ndoa zilidumu.

*Shangazi, kwani nikiweka AF-A iamue yenyewe kati ya AF-S na AF-C kuna ubaya? – Sitaki Menyu, Kigamboni*

Itaamua kwamba bibi harusi anatembea wakati ameshakaa. Itumie kwa mbuzi na kuku wa sherehe. Hao hawadai albamu.